Chumba Kilichovaa Magunia

Baba alikuwa akishika riveti, ile misumari minene ya kuungia mabamba ya chuma, ndani ya boila la mvuke. Watu wa leo hawaijui kazi hiyo, kwa hiyo nitaieleza. Mwenzako anakaa nje na nyundo. Wewe unaingia kwenye tumbo la chuma kupitia tundu ambalo hata mbwa angelitazama kwanza, unakandamiza chuma kizito upande wa ndani, naye anapiga. Anapiga mchana kutwa. Kelele yote inabaki ndani pamoja nawe kwa kuwa haina pa kutokea. Hapa Élisabethville walioifanya kazi hiyo miaka mingi walijulikana bila kuuliza: ukiwasalimu kwa nyuma hawageuki, na wakikujibu wanajibu kana kwamba umesimama ng'ambo ya mto.

Masikio ya Baba hayakufa siku moja. Yaliondoka kidogo kidogo, kama mpangaji anayehamisha vitu vyake kimyakimya mwenye nyumba asijue. Kwanza ziliondoka sauti nyembamba, ndege na kengele za baiskeli. Halafu watoto. Halafu wanawake. Ilipofika zamu ya wanawake, aliniita.

“Nataka nisikie mama yako tena mara moya,” alisema, “mbele ya masikio kujifunga kabisa.”

Mama alikuwa amekwisha kufa, lakini ombi lenyewe halikuwa la kichaa. Wazazi wangu walitoka kaskazini ya Katanga, na huku mjini Mama alikuwa akiimba katika kwaya ya parokia. Yeye ndiye aliyekuwa akianza peke yake, wengine wakimwitikia. Mwaka mmoja alipita Mzungu mwenye mashine ya kukamata sauti, akawasimamisha kanisani wakaimba. Baada ya muda mrefu likaja sanduku la majani makavu lenye santuri ndani. Nyingi zilikuwa zimevunjika njiani. Nzima moja padri alimpa Mama, na Mama alipofariki ikabaki kabatini, katikati ya sahani, imefungwa kwa kitambaa cha meza. Tulikuwa na sauti yake nyumbani bila kuwa na kitu cha kuifungulia. Baba alijua kwamba mimi ndiye mwenye kutafuta vitu.

Kazi yangu ilikuwa kununua na kuuza vilivyokwisha kutumika: chupa, magunia, misumari iliyonyooshwa. Watu waliniita mwizi kwa upole, kwa sababu nilihesabu kila kitu mara mbili mbele yao, na hesabu ya pili ndiyo iliyowaudhi. Gramafoni, ambayo sisi tuliita fono, niliiona kwenye duka la Mgiriki mmoja karibu na soko, chini ya kiti chake mwenyewe. Sikuitazama. Nilitazama kiti.

“Ile kiti bei gani, bwana?”

“Kiti haina ya kuuza. Mi nakaa.”

“Aa. Na ile kisanduku chini yake?”

“Ile fono. Inaimba muzuri sana.”

“Imbisha kidogo.”

Hakuimbisha, maana mpini wa kuzungushia ulikuwa umepotea, nami nilikuwa nimekwisha kuona tundu lake tupu. Tulibishana mpaka wateja wengine wakachoka na kuondoka. Mwishowe nilimwachia magunia matupu niliyokuwa nimeyakusanya msimu mzima, nikatoka na fono kichwani. Mpini alinitengenezea fundi baiskeli.

Nyumba yetu ilikuwa moja ya zile za matofali zilizoshikana mgongo na ubavu, bati juu, sementi chini, mlango mmoja. Chumba cha mbele kilikuwa kidogo, na ndani yake mlikuwa na kila tulichokuwa nacho: kabati la Mama, meza, viti, kitanda changu na godoro lake, sanduku la nguo, cherehani, baiskeli, kamba ya kutundikia makoti. Jumapili baada ya misa niliweka fono mezani, nikaweka santuri.

Mama aliimba. Sauti yake ilipanda mpaka kwenye bati, ikashuka, ikagongana na ile iliyokuwa bado inapanda. Maneno yalipandana. Upande wa pili wa ukuta jirani yetu, mama wa makamo tuliyemwita mama wa pembeni, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, na kinu chake kiliingia kwenye wimbo bila kualikwa. Mimi nilisikia fujo. Baba alikunja uso, akasogeza kiti, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha wa pili.

“Eko mbali,” alisema. “Muntu anaongea inje ya parcelle, mu barabara.”

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwepo. Alikuwa akifagia katika nyumba ya radio mjini, na jambo hilo hakumruhusu mtu yeyote alisahau.

“Shemeki,” aliniambia, “ugonjwa iko mu nyumba, haina mu fono. Kule kwa radio ukuta inavaa nguo. Plafond kule juu inavaa nguo. Hata mi nikikohoa, kikohozi inafia mu kinywa.”

“Na weye kule unafagia nini, kama sauti yote imekwisha kufa?”

“Nafagia ile yenye kufa.”

Tulikubaliana kukivalisha chumba. Nguo ya bei yetu ilikuwa gunia: mawili yaliyoshonwa pamoja, katikati majani makavu na pamba ya godoro kuukuu. Nilirudi kwa Mgiriki.

“Magunia?” alisema. “Iko. Muntu moya alileta.”

Yalikuwa yaleyale. Niliyatambua kwa viraka, kwa kuwa nilivitia mwenyewe. Bei ilikuwa nyingine.

“Ilipanda lini?” niliuliza.

“Saa weye unaingia.”

Nililipa. Katika maisha yangu ya biashara sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yule asubuhi ile.

Jumamosi mchana mimi na shemeji tulitoa vitu vyote nje ili tupate nafasi ya kupigilia misumari. Tulivipanga uani: kabati, meza, viti, kitanda kikiwa wima ukutani. Sasa, katika mji wetu mtu akifa jambo la kwanza ni hilo. Vitu vinatolewa nje mchana kweupe, ili wanaokuja kilioni wapate kukaa chini. Mtoto wa kwetu anaona kabati uani, anaanza kulia kabla hajauliza nani. Mimi na shemeji tulilijua hilo tangu tulipokuwa tukibebwa mgongoni, na hata mmoja wetu halikumjia akilini. Tulikuwa tunafikiri misumari.

Kiti cha Baba kilipotoka, yeye hakukifuata. Aliketi sakafuni katikati ya chumba, miguu mbele, akingoja kama mtu aliye kituoni. Shemeji alitaka kunionyesha ugonjwa kabla ya dawa. Alipiga makofi, na kuta tupu zikayarudisha.

“Unasikia namna inajibu? Hii njo kintu tunakuja kuua. Weka disiki.”

Niliweka fono sakafuni nikaiachia. Kwa masikio yangu ilikuwa vurugu kuliko Jumapili ile, kila neno likija na ndugu zake. Lakini Baba aliinua mkono, kiganja mbele, kama anayemnyamazisha mtu.

“Njo yeye, mama yako,” alisema.

Tukatazamana na shemeji.

“Anakohoa kidogo mbele ya kuanza. Kila siku alikuwa anakohoa vile.”

Na ni kweli. Mwanzoni mwa santuri ile, kabla ya neno la kwanza, pana kikohozi kidogo cha Mama akisafisha koo. Sikuwa nimemwambia. Alikuwa amekisikia mwenyewe. Uso wa Baba ulifunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu Mama aondoke, na wimbo ulikuwa haujafika hata robo.

Hapo mama wa pembeni aliingia, mikono miwili kichwani, analia. Nyuma yake waliingia wengine, wakajitupa sakafuni, mmoja karibu akalie fono. Wimbo ukazikwa. Shemeji akanyanyua sindano.

“Nani?” mama wa pembeni alilia. “Nani alitutoka?”

“Hakuna muntu, mama.”

“Hakuna namna gani? Bintu iko inje.”

“Tunatengeneza nyumba.”

“Na sauti ya marehemu? Niliisikia na masikio yangu, inatoka mu nyumba tupu.”

“Ni disiki, mama.”

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikimwuzia chupa. Baba, aliyekuwa akiwaona wanawake wanalia miguuni pake bila kusikia hata mmoja, alinivuta suruali.

“Nani alikufa?”

“Hakuna, Baba.”

“Basi, banalia nini?”

Mama wa pembeni aliinama akamwambia sikioni, kwa sauti ya kuitia ng'ombe, “Tunakulilia weye, baba mukubwa.”

Baba alifikiri. “Aksanti,” alisema. “Mumekuja mapema.”

Wanawake walicheka, huku machozi yakiwa bado mashavuni. Mama wa pembeni hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni akitazama kabati juani.

“Munatoa bintu inje bila muntu kufa,” alisema. “Sasa bintu inajua njia.”

Tuliwapa chai, maana mtu aliyekaa chini kwa ajili yako haondoki na koo kavu. Kuni za kilio walizokuja nazo walizibeba wakarudi nazo. Kisha tulipigilia magunia kwa hasira kidogo, tukarudisha vitu ndani kabla jua halijazama.

Tulijiuliza ni nini kilichomwezesha kusikia. Mimi nilisema sindano, kwa kuwa siku ile niliweka mpya. Shemeji alisema mlango uliokuwa wazi. Tulizungumza jioni nzima, watu wawili wenye masikio mazima tukimtafutia sababu mtu asiye na masikio, na sababu yenyewe tulikuwa tumekwisha kuipigilia misumari.

Jumapili iliyofuata tuliweka santuri katika chumba kilichovaa. Nitasema ukweli: kilikuwa chumba kizuri. Kinu cha jirani kilibaki kwa jirani. Bati lilinyamaza. Nilimsikia Mama akivuta pumzi, nikasikia ulimi wake ukigusa meno, nikasikia padri akiburuta kiti kwa mbali. Nilimgeukia Baba nikitabasamu.

“Muliweka disiki?” aliuliza.

Ilikuwa inazunguka mbele yake.

Shemeji alisema gunia moja halitoshi. Tuliongeza la pili. Tulivalisha bati kwa ndani, na chumba kikawa kifupi hata tukaanza kuinama. Tulitundika blanketi mlangoni. Kila gunia lililopanda lilinisogeza karibu na Mama, likamsogeza Baba mbali naye, nami niliendelea kununua magunia. Mgiriki alianza kunisalimu kwa jina. Baba hakulalamika. Kila Jumapili alivaa shati lake la misa, akakaa mbele ya fono akiitazama santuri mpaka ikome.

“Inazunguka muzuri,” alikuwa akisema, ili tusijisikie vibaya.

Waliotufumbua macho ni kunguni. Walizaliana katika yale magunia kwa furaha, na msimu wa kiangazi ulipofika wakaanza kutushukia. Shemeji alikoma kututembelea. Nilibomoa kila kitu peke yangu, nikachoma nilichoweza kuchoma, nikachemsha blanketi. Kuta zilibaki uchi, zimejaa matundu ya misumari. Nikiwa nafagia, mfuniko wa sufuria uliniponyoka ukaanguka kwenye sementi, nyuma ya Baba.

Aligeuka.

Niliuchukua nikauangusha tena. Akageuka tena, safari hii amekasirika. “Unafanya nini?”

Ndipo nilipoketi juu ya sanduku. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili sikuwa nimejua kwamba ukuta nao unahesabu mara mbili. Sauti ikitoka, mtu mwenye masikio mazima anataka ile ya kwanza tu, hiyo nyingine inamkera. Baba hakuwa na cha kumkera. Kwake ile ya kwanza ilikuwa ndogo mno, akahitaji na ya pili, na ya tatu, kila kipande ambacho tofali na bati vilikuwa tayari kumrudishia. Tulikuwa tumemnyang'anya, kisha tukamketisha asikilize.

Dawa, basi, ilikuwa rahisi, na haikuhitaji hata gunia. Godoro litoke, makoti yatoke, vitu vyote vitoke nje, chumba kiwe kama siku ile. Nilimwandikia Baba jambo hilo kwa chaki sakafuni, kwa kuwa maneno marefu yalikuwa yamekwisha kuanza kumpotea. Alisoma polepole, akafuta kwa kiatu.

“Hapana,” alisema. “Bintu yangu itatoka siku yangu. Haina mbele ya ile siku.”

“Saa moya tu, Baba.”

“Mama wa pembeni alisema nini?”

“Mama wa pembeni anasema mengi.”

“Alisema. Na mama yako? Siku ya kupaka chokaa, alikuwa anasukuma kabati katikati ya nyumba, hata yenyewe inapata chokaa. Inje hakuitoa hata siku moya. Alikuwa anaogopa ile kintu. Sasa nimuite na kintu alikuwa anaogopa?”

Nilimwambia tukaazime chumba kitupu kwa mtu. Alisema hawezi kumsikilizia mke wake katika nyumba za watu.

Basi nilifanya kazi yangu. Nilianza kubembeleza. Baiskeli, nilimwambia, inatoka kila siku na hakuna anayelia. Akakubali baiskeli. Juma lililofuata nilisema cherehani inakwenda kwa fundi. Alinitazama sana, kwa kuwa cherehani ilikuwa nzima, akasema iende. Sanduku lilikwenda safari kwa dada. Viti nilimwomba viwili, akanipa kimoja, nikachukua kimoja, kisha nikarudi kuomba kingine kama jambo jipya. Godoro, kitanda na makoti vilihitaji jua kwa sababu ya kunguni. Meza ilihitaji mguu. Kila kitu kilitoka na sababu yake, kimoja kimoja, kwa siku mbalimbali, ili mtu yeyote aliyekuwa akichungulia uani asikute msiba. Yalikuwa majadiliano mazuri kuliko yote niliyowahi kufanya, na Baba alikuwa mpinzani mgumu. Nafikiri aliyafurahia. Kiangazi kizima tulikaa tukibishana juu ya vijiti na mbao, naye akiniomba nirudie kila neno, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Hilo lilinipasa kulihesabu. Sikulihesabu.

Lilibaki kabati. Hilo hakulitoa, nami sikulisukuma tena. Nililivua sahani na vitambaa, likabaki mbao tupu.

Mvua zilikuwa hazijaanza. Jumapili baada ya misa Baba alivaa shati lake, akaketi sakafuni palepale alipoketi siku ile, miguu mbele. Nilipiga makofi kwanza, chumba kikajibu vizuri. Niliweka sindano mpya. Nikaiachia.

Mama alikohoa. Akaanza. Kuta zikamchukua zikamrudisha, bati likamwongeza, wenzake wakamwitikia mpaka milango ya kabati ikalia. Upande wa pili wa ukuta kinu kilisimama. Baba alikuwa anatazama uso wangu, si santuri, akingoja.

Wimbo uliisha. Sindano ilibaki ikikwaruza.

“Weka sasa,” alisema.

Niliweka tena. Aliutazama mpini, akanitazama, akanyoosha mkono akagusa kisanduku kwa vidole. Aliviacha pale muda mrefu.

“Inatetemeka,” alisema. Kisha, baada ya kuviondoa, “Bon. Rudisha bintu.”

Nilivirudisha. Sikuhitaji sababu za kuviingiza, kwa hiyo ilikuwa kazi ya jioni moja.

Alifariki katikati ya mvua, asubuhi, kwa kifua. Nilipotoka kumwambia dada na kurudi, jirani walikuwa wamekwisha kuanza. Yale niliyobembeleza kwa majuma mengi wao waliyafanya kabla maji ya chai hayajachemka: baiskeli, cherehani, sanduku, viti, meza, kitanda, na wanaume wanne wakitoka na kabati la Mama bila kumwomba mtu ruhusa. Fono waliiweka juu ya kabati, na mtu mwenye huruma akaifunika kwa gunia, mvua isiinyeshee.

Mama wa pembeni aliingia wa kwanza, mikono kichwani. Kilio chake kiligonga ukuta kikarudi kikubwa, na cha wenzake juu yake. Mimi nilibaki uani. Nilihesabu vitu, nikavihesabu tena. Vilikuwa vimetimia. Katika vyetu vyote, ndani alikuwa amebaki Baba tu.